Jenereta ya Kwenda Makambini

Miaka mitatu mfululizo Abner Mogaka hakwenda makambini. Mwaka wa nne, mwishoni mwa mwezi wa saba, mkewe Nyanchera alimkuta ameketi nje ya nyumba yao hapo Birongo, koti lake la kwaya amelilaza mapajani, anakwangua ukungu kwenye kola kwa ukucha. Nyanchera alirudi jikoni akasimama mbele ya sufuria ya uji mpaka uji ukashika chini.

Kwa Waadventista wa upande ule, makambi ndiyo sikukuu yenyewe. Ikifika Agosti watu hufunga nyumba, hubeba magodoro na masufuria, wakaenda kupiga mahema uwanjani juma zima, tangu Jumapili hadi Sabato, yaani Jumamosi. Husali pamoja, hupika pamoja, husameheana madeni ya maneno. Abner alikuwa ameimba besi katika kwaya ya makambi kwa miaka arobaini na mmoja. Wengine walisema sauti yake ilianzia chini ya udongo. Kisha nimonia ikamlaza hospitalini miezi miwili, na alipotoka mapafu yalikuwa na makovu. Alirudi nyumbani na mashine ya hewa, kisanduku cheupe chenye kimo cha kiti, kinachovuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kumpelekea oksijeni kwa mrija mwembamba puani. Mchana akitulia aliweza kukaa bila mashine hiyo saa moja, saa mbili. Kulala bila yake hakuweza.

Mashine inakula umeme, na makambi ya mwaka huo yalikuwa Gesima, kwenye uwanja wa shule uliopakana na mashamba ya majani chai. Umeme wa pale uliishia ofisini kwa mwalimu mkuu, na hata hapo ulikuja kama mgeni, leo upo, kesho umeaga.

"Tununue jenereta," Nyanchera alimwambia shemeji yake Onchiri jioni ile. Emily, binti wa Nyanchera na Abner, aliyekuwa muuguzi Nakuru, alikuwa amekubali kusaidia kulipa. Daktari pia alikuwa ameruhusu safari, ila mashine isizimike.

Onchiri alikuwa mdogo wake Abner, mchuuzi wa ndizi mwenye pikapu na sauti ya kujaza soko. Alimpenda kaka yake kupita kiasi, na kila alichokipenda alikitaka kiwe kikubwa. "Kesho tunashuka Kisii," akasema. "Tunachukua ile ya maana."

*

Duka waliloingia lilikuwa la mama mmoja Mhindi aitwaye Chandrakala, ambaye mji mzima ulimwita Mama Harsh. Lilijaa pampu, mashine za kukatia nyasi, nyaya na jenereta za kila kimo. Mlangoni, kwenye kiti cha kukunja, alikaa mkwewe, mzee Rasiklal, mwenye miaka themanini na ushei, aliyezungumza Ekegusii kana kwamba alizaliwa kijijini Nyacheki.

"Bwakire, baba," akamwamkia Nyanchera. Kwa Wagusii, neno baba humaanisha mama, na Nyanchera alitabasamu bila kutarajia.

Onchiri hakuwa na muda wa salamu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jenereta ya manjano, kubwa kama ndama, yenye magurudumu. "Hii," akasema. Fundi wa duka akaivuta kamba. Ilinguruma hadi vikombe vikatetemeka kauntani. Wapita njia wakageuka. Mzee Rasiklal akachomoa kifaa chake cha sikioni taratibu, akakitia mfukoni.

Chandrakala alingoja izimwe. "Ni ya kazi gani?"

"Ya makambi," Onchiri akajibu.

"Huko makambini mtachomelea mageti?"

"Hapana."

"Mtasaga mahindi?"

"Mama, kubwa ni kubwa," Onchiri akasema, akiipigapiga mgongoni. "Ndogo itakuja kutuaibisha mbele za watu."

Chandrakala alimgeukia Nyanchera, ambaye mpaka wakati huo alikuwa amesimama kando ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Nani ataiwasha, mama? Yeye au wewe?"

"Mimi."

"Basi hebu iinue kidogo upande huu."

Nyanchera akaweka mkoba chini, akashika chuma, akajikaza. Jenereta haikutikisika. Akajaribu kamba, ikamkatalia nusu njia na kumrudisha mkono kwa nguvu. Aliona haya, lakini yule mama hakucheka.

"Unataka kuwasha nini nayo?"

"Mashine ya hewa ya mzee wangu," Nyanchera akasema polepole. "Hawezi kulala bila hiyo."

Uso wa Chandrakala ulibadilika. Alifunga kifuniko cha petroli cha ile jenereta ya manjano kama mtu afungaye mjadala. "Hii sikuuzii."

"Unasemaje?" Onchiri akaruka. "Unadhani hatuna pesa?"

"Sijauliza pesa zenu. Nileteeni hiyo mashine niione kwanza."

Lakini Onchiri alikuwa ameshatoka nje, kifua mbele. "Kwani duka Kisii ni hili moja?" Nyanchera akamfuata, akimtazama yule mama kwa jicho la kuomba radhi.

Katika duka la pili, mtaa wa chini, muuzaji alikuwa mchangamfu. Aliwapa viti, akawaletea soda, akawaonyesha jenereta kubwa kama ile ile, ya bluu. "Hii inabeba hata kinu," akasema. Onchiri alianza kucheka tena. Tayari mkono wake ulikuwa mfukoni Nyanchera alipomgusa kiwiko.

"Shemeji, subiri."

"Nini tena?"

"Huyu hajaniuliza hata ni ya kazi gani."

Onchiri aliutoa mkono mfukoni. Alikuwa mtu wa hasira, si mjinga. Alimrudishia muuzaji chupa ya soda, akamshukuru, akawasha pikapu kurudi Birongo.

*

Kesho yake Nyanchera alikwenda peke yake. Alimwacha Abner kwenye mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba walioazimwa na hospitali, jirani yao Gladys akiwa naye, na mashine ya hewa akaifunga kwa leso mbili kama mtoto mchanga, akaipakata garini. Chandrakala alimwona toka mbali, akatoka kauntani kuja kumpokea mzigo.

"Nilijua utarudi," akasema. "Keti, mama. Kunywa maji kwanza."

Hakuanza na mashine. Alianza na balbu. Aliiunganisha kwenye ile jenereta ya manjano, akaiwasha, akamwambia Nyanchera aitazame. Mwanga ulipanda ukashuka, ukapanda tena, kama mtu mwenye homa. Halafu akaunganisha balbu kwenye jenereta ndogo nyekundu, yenye mshikio juu kama sanduku la safari. Mwanga ukatulia tuli. Na mngurumo nao ulikuwa mdogo kiasi cha mzee Rasiklal kuendelea kusoma gazeti.

"Ile kubwa si mbaya," Chandrakala akasema. "Inafaa kinu na kuchomelea. Vyuma haviogopi umeme unaorukaruka. Hii ndogo ni ya inveta. Ndani yake kuna kitu kinausafisha umeme kabla haujatoka. Mashine ya mgonjwa ina ubongo, na ubongo hauvumilii kupigwapigwa."

Akaipangusa vumbi jenereta ambayo haikuwa na vumbi.

"Mama mkwe wangu alikuwa na mashine kama hii yako. Umeme ulipotea siku mbili. Mume wangu, alikuwa hai bado, akaleta nyumbani jenereta ya hapa dukani, kubwa kama ile, tukifurahi kwamba sisi si wa kukosa. Nusu saa tu, mashine ikanuka, ikafa. Tulimkimbiza hospitali garini mimi nimemshika kichwa. Alipona. Aliishi miezi minne zaidi. Lakini ile njia, mama... ile njia siisahau. Sisi wauza jenereta."

Nyanchera alimshika mkono, na kwa kitambo wakakaa hivyo, wanawake wawili baina ya pampu na nyaya, wasiojuana hata siku mbili.

Kisha Chandrakala akavaa miwani, akapindua mashine ya hewa, akasoma kibandiko cha nyuma. "Inataka wati mia tatu na hamsini. Ikianza kuwaka inaruka zaidi. Tuchague." Akaweka mbili juu ya meza, ile nyekundu na nyingine ndogo zaidi, ambayo mtu angeibeba kama kikapu cha sokoni. Nyanchera aliipenda hii ndogo mara moja.

"Mnapiga kambi wapi?"

"Gesima."

"Aa. Gesima ni juu. Injini nayo inapumua kama sisi, na huko hewa ni nyembamba. Wateja wangu wa majani chai hurudi hapa wakinigombeza kwamba nimewauzia injini mbovu, kumbe ni mlima. Hii ndogo karatasi yake inasema wati mia tisa. Ukifika Gesima, hesabu mia saba. Itaweza, ila itatoka jasho. Hii nyekundu hata ikipungua itafanya kazi bila kukunja uso, na itakula petroli kidogo kwa sababu haijikazi. Ina kilo ishirini na moja. Wewe mgongoni hubeba majani chai kilo ngapi?"

"Hata thelathini."

"Basi inua."

Nyanchera akainua. Akatembea nayo hadi mlangoni akarudi. Akavuta kamba, mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikawaka. Wakaunganisha mashine ya hewa, nayo ikaanza mlio wake wa kila siku, ule wa kuvuta na kuachia, ambao Nyanchera aliuzoea hata usingizini. Aliusikiliza akiwa ameegemea kaunta. Machozi yakamtoka bila ruhusa yake.

"Bado," Chandrakala akasema, akijifanya hakuona. "Kuuza ni nusu. Sasa nisikilize, halafu utanirudishia maneno yangu. Moshi wa hii kitu una sumu isiyo na rangi wala harufu. Jenereta inakaa hatua ngapi kutoka hemani?"

"Sijui."

"Hatua ishirini. Mdomo wa moshi unatazama mbali, upepo utoke kwenu uende kwake, usije kwenu. Nakupa waya mnene wa kufika. Mvua ikinyesha?"

"Naiingiza ndani?"

"Hapana!" Alisema kwa sauti hata mzee Rasiklal akainua kichwa. "Hapo ndipo watu hufa. Mvua ikinyesha, ina paa lake, mabati mawili juu ya miti minne, bila kuta. Hata ikiwa mvua ya mawe, hemani haiingii, na barazani pa hema haiingii. Mashine ya mzee inakula hewa iliyopo. Ukiipa moshi, itampa moshi. Sema."

Nyanchera akasema. Akarudishwa, akasema tena. Mara ya tatu alisema bila kukosea, na ndipo Chandrakala akaandika namba yake ya simu juu ya boksi kwa kalamu nene, akachukua na ya Nyanchera.

*

Jumapili walifika Gesima kwa pikapu ya Onchiri, Abner mbele amevaa koti, Nyanchera nyuma pamoja na magodoro, ameshika jenereta isidunde. Ubaridi wa mlima uliwapokea, na harufu ya moshi wa kuni na majani mabichi. Watu walimwona Abner wakaacha kupigilia vigingi vya mahema. Walikuja mmoja mmoja kumsalimu, wengine wakimshika mikono yote miwili bila kuiachia, kana kwamba amerudi kutoka mahali ambapo watu hawarudi.

Hema lao walilipiga ukingoni, karibu na majani chai. Nyanchera alihesabu hatua ishirini kwa miguu yake mwenyewe, akaweka jenereta, akaangalia upepo kwa kurusha vumbi. Onchiri alimtazama akitikisa kichwa, lakini alichimba mashimo ya miti minne alipoambiwa. Mabati aliyasahau Birongo. "Nitayaleta kesho," akasema. Kesho ikawa keshokutwa.

Siku ya pili akaja mzee Manasseh, msimamizi wa makambi, mtu mrefu mwenye kijitabu. Sheria yake ilijulikana: jenereta ni moja tu, ya vipaza sauti, kwa sababu mwaka fulani vijana walileta zao na mahubiri hayakusikika.

"Mama," akasema kwa heshima, akiwa amesimama mbele ya hema, "nimeambiwa mna jenereta. Nimekuja kuomba msiiwashe wakati wa ibada. Na usiku pia, kwa ajili ya majirani."

"Imewaka, mzee."

"Nasema msiiwashe."

"Imewaka sasa hivi. Imewaka tangu asubuhi."

Manasseh akainamisha sikio. Akasikia watoto, akasikia kwaya ikifanya mazoezi, na mahali fulani mlio mwororo kama cherehani ya jirani. Alizunguka hema, akafuata waya hadi kwenye jenereta, akachuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Aliporudi aliandika kitu kijitabuni. "Hii si jenereta," akasema. "Hii ni Mkristo." Abner alicheka mpaka ikabidi apewe mrija.

Na hivyo juma likaanza kuwa juma kweli. Asubuhi Abner alikaa kwenye kiti chini ya turubai la ibada, akasikiliza. Mchana alirudi kupumzika na mashine yake. Wazee wenzake walikuja kukaa naye, kila mmoja na chupa ya chai, hata Nyanchera akalazimika kuwapangia zamu. Simu za nusu ya kambi zilichajiwa pale kwenye waya wao, si nyingi kwa pamoja, kwa maana Nyanchera alikuwa amejifunza kuhesabu wati. Ndani ya miaka mitatu hakuwahi kumsikia mumewe akizungumza kwa muda kama ule.

*

Jumatano alasiri Nyanchera alikuwa katika darasa la akina mama, upande wa pili wa uwanja. Abner alilala hemani. Onchiri alikuwa amebaki naye. Mawingu yalishuka kutoka juu ya mashamba, kwanza meupe, kisha ya rangi ya sufuria, na matone makubwa yakaanza kupiga mabati ya darasa.

Simu ya Nyanchera ikalia. Alitaka kuizima kwa aibu, akaona jina, akatoka kizingitini.

"Mama, ni mimi wa dukani," Chandrakala akasema. "Hapa mjini mvua ni kubwa, nikakukumbuka. Huko je?"

"Ndiyo inaanza."

"Jenereta ina paa?"

Nyanchera akafungua mdomo, akakumbuka miti minne imesimama bila kitu juu yake. Akakumbuka pia jinsi Onchiri alivyoipenda ile jenereta siku hizi, akiipangusa kila jioni kwa shati lake kuukuu.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na mbili alivuka uwanja wa shule kwenye mvua, kiatu kimoja kikabaki matopeni, leso ikamwanguka. Kwenye miti minne hapakuwa na jenereta. Waya ulikuwa umevutwa hadi hemani, na barazani, chini ya turubai, kavu kabisa, ilikaa ile jenereta nyekundu, inawaka kwa mlio wake mwororo, mdomo wa moshi ukitazama mlango. Na mlango ulikuwa umefungwa zipu kwa ajili ya baridi.

Aliizima. Akaibeba kwa mkupuo mmoja, moto na yote, akaitupa nje kwenye nyasi. Akafungua zipu. Onchiri alikuwa ameketi ndani, anasugua kipaji cha uso. "Shemeji, nimeiokoa," akasema. "Maji yangeiua."

"Toka nje! Mtoe ndugu yako nje!"

Abner alikuwa macho, lakini alipoinuliwa kichwa chake kilining'inia begani. "Kichwa kinaniuma," akanong'ona. "Nataka kutapika." Wakamtoa nje kwenye mvua, mmoja huku mmoja kule, wakamkalisha chini ya mwavuli wa jirani. Muuguzi wa kambi, dada mmoja aitwaye Orpah, alifika mbio na mtungi wa akiba, akamfunika mdomo na pua, akauliza jenereta ilikaa pale kwa muda gani.

"Dakika kumi," Onchiri akasema. "Kumi na tano labda."

"Mshukuruni Mungu haikuwa saa moja," Orpah akasema. "Wote wawili garini, twende kituo cha afya. Wewe umeuvuta moshi, hutaendesha."

Manasseh ndiye aliyeendesha. Walikaa kituoni hadi jua likakaribia kuzama, wakipewa oksijeni, wakipimwa na kupimwa tena, mpaka daktari akaridhika, akawaruhusu. Rangi ilikuwa imerudi usoni mwa Abner. Aliuliza kama chakula cha jioni kingewangoja.

Onchiri alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, mikono kati ya magoti. Nyanchera alikuwa amemwambia maneno makali njiani, maneno ambayo hakuwa amemwambia mtu tangu ujana wake, na sasa alikuja akaketi kando yake.

"Nilitaka kumwua ndugu yangu," Onchiri akasema.

"Ulitaka kuokoa mashine yake."

"Uliniambia. Hatua ishirini. Niliona ni mambo ya dukani, ya kuuzia watu waya mrefu."

Nyanchera alitazama mikono yake Onchiri, iliyochubuka kwa kupakia ndizi, mikono iliyombeba Abner kumtoa hospitalini miaka mitatu iliyopita kwa sababu ngazi zilimshinda. Hasira ilikuwepo bado, lakini chini yake palikuwa na kitu kikubwa zaidi, nacho kilikuwa kinapanda.

"Tuko hai wote watatu," akasema. "Onchiri, tuko wote watatu. Leo jioni tungekuwa tunalia. Nenda ukalete mabati."

Akaleta. Saa tatu usiku paa lilikuwa limesimama, jenereta imekaushwa na kuwaka tena, na tangu siku hiyo Onchiri aliilinda jenereta kama mchungaji alindavyo ng'ombe mwenye mimba, akimzuia yeyote asiihamishe hata kwa inchi.

Nyanchera alimpigia Chandrakala asubuhi iliyofuata. Alikuwa amepanga maneno mengi ya shukrani, lakini aliposikia "Mama, mzee hajambo?" yote yalipotea. "Hajambo," akasema. "Hajambo kabisa. Imbuya mono, asante sana, Mama Harsh. Imbuya mono." Upande wa pili akamsikia yule mama akipenga kamasi.

*

Sabato ilipambazuka safi. Gladys, jirani yao wa Birongo, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Alikuja hemani mapema, akachuchumaa mbele ya Abner.

"Mzee, kuna nafasi yako mstari wa nyuma. Tumekuachia kiti. Wimbo tumeupunguza mwendo."

"Sina pumzi ya wimbo mzima."

"Imba utakapofika. Sisi tutamalizia."

Waya haukufika jukwaani. Kwa hiyo kabla ya ibada kuu watu waliona jambo ambalo hawakulitarajia: mzee Manasseh, kijitabu mfukoni, na Onchiri, wakiibeba jenereta kati yao, kila mmoja upande wake, wakaipeleka nyuma ya turubai kubwa, kule majani chai yaanzapo. Manasseh mwenyewe akahesabu hatua ishirini kwa sauti. Alifika ishirini akaongeza tano.

Abner aliketi akiwa na koti lake na mrija wake puani, mashine ya hewa ikiwa kando yake. Kwaya ilipoanza, Nyanchera, aliyekaa na akina mama, hakumsikia. Alisikia soprano, akasikia wanaume vijana. Halafu, katikati ya ubeti wa kwanza, kitu kikaingia chini ya sauti zote, si kikubwa kama zamani, kinakwaruza kidogo, lakini ni chenyewe. Mama aliyeketi kando yake alimfinya paja. Mistari ya mbele watu waligeuka kutazama. Abner aliimba beti mbili. Kwenye wa tatu alifunga mdomo, akainamisha kichwa, na wenzake wa besi wakasogea karibu naye wakaubeba hadi mwisho, taratibu, bila kumwacha nyuma.

Wakati wa ushuhuda Nyanchera alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Alisema kwamba anamshukuru Mungu kwa pumzi, na anamshukuru Orpah, na mzee Manasseh kwa kuendesha, na shemeji yake kwa mabati, hapo watu wakacheka, na Onchiri akaficha uso. "Na kuna mama mmoja Kisii mjini," akaendelea, "si wa kanisa letu, hasali kama sisi. Nilikwenda na pesa mkononi akakataa kuniuzia. Kisha mvua ilipomnyeshea yeye, akanikumbuka mimi. Nawaomba mnapoomba leo mtaje jina lake. Anaitwa Chandrakala." Wengi walijaribu jina hilo midomoni, wakalipata nusu. Manasseh aliliandika.

Baada ya chakula cha mchana Abner alirudi hemani kujilaza, na jenereta ikarudishwa chini ya paa lake. Nyanchera alipiga magoti kumvua viatu, na kabla hajafungua kamba za kiatu cha pili, mzee alikuwa ameshalala. Mashine ya hewa ilivuta na kuachia. Kwa mbali, nyuma ya majani chai, Onchiri alikuwa akimweleza mtu kwa sauti ya sokoni kwa nini mdomo wa moshi lazima utazame kule. Nyanchera akabaki pale pale magotini, kiatu mkononi, akafumba macho asali, akagundua kwamba hana ombi. Basi akasema tu asante, akaisema tena, na akakaa.